Walimwambia Mavis Asogee Pembeni

Mtaa wa Thornber, Nambari 9,
Padiham, Lancashire.
23 Novemba 1986

Mpendwa mdogo wangu Muriel,

Hujambo huko Adelaide, na joto lenu hilo? Shemeji Desmond naye, mgongo umempa nafuu? Sisi huku tu wazima kwa kiasi chetu. Goti langu linalalamika kila mvua ikinyesha, na unajua mvua ya Padiham haina likizo.

Picha za wajukuu zimefika. Nimezipanga juu ya meko, na kila anayeingia lazima azitazame kabla ya kupewa chai. Gail wako amekuwa mama hasa, jamani. Ana mdomo wa marehemu mama yetu, hasa anapojizuia kucheka.

Umeniuliza mara mbili kwa nini kaka Clifford hajibu barua zako, na kama ni huzuni ya kumpoteza Mavis tu. Si hiyo tu. Nilikuwa nangoja mambo yatulie ndipo nikuandikie, lakini hayajatulia, na ni afadhali uyasikie kwangu.

Mwezi wa Mei walikuja watu wa televisheni kutoka London. Walikuwa wanatengeneza kipindi kuhusu miji ya kaskazini tangu viwanda vya pamba vifungwe. Wakamchagua Clifford, kwa kuwa alitengeneza mitambo ya kufuma tangu ujana wake mpaka siku milango ilipofungwa. Kiongozi wao alikuwa binti mmoja mcheshi, Rosalind, mwenye sauti kama ya wale wanaotangaza harusi za kifalme.

Wifi yetu Mavis alifurahi, acha tu. Alikwenda saluni, akavaa gauni la buluu na lulu za mama yake, akatoa vile vikombe vya kaure ambavyo hata mimi sijawahi kunywea. Walirekodi kutwa nzima, nyumbani na pale dukani kwao wanapotengeneza mashine za kufulia. Jioni alinipigia simu, anacheka: "Enid, nimemfokea mpiga picha! Kaburuta nyaya zake kwenye zulia langu!"

Agosti akaanguka jikoni, moyo ukasimama. Hayo unayajua, maua yako yalifika.

Usilolijua ni kwamba tangu siku ya mazishi kaka yetu alikuwa anaishi kwa kungoja kipindi kile. Picha za Mavis anazo tele, lakini zote kasimama tuli. "Humo atatembea, Enid," aliniambia. "Nitamsikia anavyonigombeza."

Siku yenyewe ikafika, mwishoni mwa Oktoba. Kilabu cha wafanyakazi kilijaa mpaka mlangoni. Waliweka televisheni jukwaani, wakapika pai na njegere. Clifford alikaa mbele kabisa, na tai yake nyeusi ya msiba. Mimi nilikuwa ubavuni kwake.

Kikaanza kwa mvua na bomba la moshi, na tarumbeta za huzuni. Msimulizi akaongea kwa ile sauti wanayosimulia wanyama wa porini. Halafu akatokea Clifford, amevaa kofia bapa, ile ambayo watu wa London hudhani tunazaliwa nayo. Watu wakaangua kicheko, maana Clifford hajavaa kofia ile maisha yake yote. Walikuja nayo wenyewe. Mara kasimama na njiwa. Stan Garside, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akapiga kelele: "Wee! Hao njiwa wangu!"

Bado tulikuwa tunacheka. Halafu wakamwonyesha kwenye kiti chake, anasema: "Kiwanda kilipofungwa nilikaa. Nilikaa tu kwenye kiti hiki, sikuweza kuinuka." Akageuza uso pembeni, mdomo wazi, kama mtu aliyepotewa na maneno. Wakamwacha hivyo hivyo kwa muda mrefu, na yule msimulizi akasema kwamba ndivyo walivyo watu wa huku, wagumu, wakarimu, lakini wamekaa wanangoja kuinuliwa.

Kicheko kikakatika. Nilimwangalia Clifford, nikaona hasikii aibu wala hasira. Alikuwa anatafuta. Macho yake yanahama kutoka kona moja ya kioo hadi nyingine. Wakaja mbwa wa mbio, wakaja vikongwe wanaosugua vizingiti, kisha majina, kisha utabiri wa hali ya hewa. Mavis hakutokea.

Stan ndiye aliyeanza. "Basi London nzima imeshajua sisi ni wavivu. Binti yangu yuko Reading, huko kusini, kesho watamuuliza kama kwao watu wanaoga! Ahsante sana, Cliff." Kisha akawageukia wenzake: "Msogezeeni na kiti kingine huyo, si hajui kuinuka?"

Wakacheka tena, lakini kicheko kibaya. Clifford akachukua koti lake akatoka. Sidhani kama alisikia hata neno moja.

Kesho yake mlango wa duka lake uliandikwa kwa chaki: AMEKAA. Hakuufuta. Duka hakufungua siku ile wala zilizofuata, barua zako zikawa zinalala mlangoni pamoja na za bili, na nikimpelekea chakula nakikuta jioni kama nilivyokiacha. Nilimwambia watu watasahau. Akasema, "Hao wanasahau upesi mno, Enid, ndiyo shida."

Sikumwelewa, Muriel. Nilidhani anazungumzia watu wa mtaani.

Jumanne moja asubuhi nikaenda na mchuzi, nikagonga, kimya. Nikaingia kwa ufunguo wangu. Kitanda kimetandikwa, birika la baridi, mtu hakuna. Moyo wangu ulikimbilia mfereji. Unakumbuka mzee Holroyd alivyokutwa majini mwaka ule kiwanda cha kwanza kilipofungwa. Nilitoka nje na viatu vya ndani, nikaugonga kwa ngumi mlango wa Stan, kwa kuwa ni yeye mwenye gari.

"Cliff hayupo," nikamwambia.

Uso wake ukabadilika. Akachukua funguo za gari. Tulipita kandokando ya mfereji polepole, yeye anatazama kulia, mimi kushoto, na sitaki kukuelezea nilivyokuwa nayatazama yale maji. Kwenye daraja tukamkuta mwanamke anayeuza magazeti. Akasema, "Clifford? Kapanda basi la Preston, kavaa suti ya mazishi. Nilidhani kuna msiba."

Stan aliendesha mbio mpaka Preston. Pale stesheni ndipo akasema, "Mwambie ile ya kiti ilikuwa mzaha."

"Mwambie mwenyewe," nikamjibu, nikakimbia.

Alikuwa jukwaani, anangoja treni ya London. Aliponiona akasema, "Usinizuie, Enid."

"Nani anakuzuia? Nakusindikiza."

Akatazama miguu yangu. "Na hivyo viatu?"

"Vina kosa gani? Vya kaskazini hivi."

Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akitabasamu tangu Agosti.

Huko London, kwenye jengo la televisheni, kijana wa mapokezi alitutazama, akatuambia mlango wa mizigo uko nyuma. Clifford akasema amekuja kumwona Rosalind. "Samahani?" Akarudia. Yule kijana akamwita mwenzake: "Hebu njoo usikie. Mzee, sema tena, lafudhi yako inapendeza." Nilitaka kumng'oa macho. Clifford akasema mara ya tatu, polepole, kama anayezungumza na mtoto.

Rosalind akashuka, mikono wazi. "Bwana Entwistle! Ungejua watazamaji walivyokupenda!"

"Mke wangu yuko wapi?"

Akatutazama kwa zamu. "Hamkuja naye?"

"Alifariki Agosti. Namuulizia yule mliyemrekodi."

Muriel, binti alipoteza rangi. Akatupeleka pembeni, akaanza kujieleza, kwamba muda ulikuwa mfupi, kwamba ilibidi kuchagua, kwamba watu hutarajia kuona mambo fulani.

"Mambo gani?" kaka akauliza.

"Mkeo alikuwa mzuri sana. Ila zile lulu, gauni, vile vikombe... wakubwa zangu walisema haionekani kama kaskazini."

Clifford hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Mikono yake ilikuwa imeushika ukingo wa meza. "Amezaliwa kaskazini," akasema. "Ameolewa kaskazini. Amezikwa kaskazini. Ulitaka awe wa kaskazini kiasi gani?"

Clifford akasema hatoki mle mpaka amwone, na kama wanataka kuita polisi waite, atawasubiri amekaa, si wanajua kwamba anajua kukaa. Yule wa mapokezi alishashika simu. Rosalind akamwashiria aiweke chini, akatupeleka kwenye chumba kidogo cha giza, akatafuta kanda, akaiwasha.

Akatokea, Muriel. Mavis wetu, anatembea na sinia la chai, anamfokea yule mpiga picha: "Inua nyaya zako, kipenzi, hapa si gereji!" Clifford akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanamume.

Halafu ikaja sauti ya Rosalind kwenye kanda: "Mama, tafadhali, sogea pembeni kidogo, usionekane." Na Mavis akasogea, anaziweka nywele zake sawa. Clifford wa kwenye kanda akaanza: "Nilikaa tu kwenye kiti hiki, sikuweza kuinuka." Akageuza uso pembeni. Na pale walipokata ndipo tukamsikia Mavis kutoka nje ya picha: "Nikamwambia, inuka mwanamume wewe, hata hicho kiti kimekuchoka!" Na Clifford kwenye kanda akacheka mpaka machozi, akasema, "Nikainuka, nifanyeje? Wiki ile ile tukafungua duka."

Kwa hiyo hakupotewa na maneno, mdogo wangu. Alikuwa anamtazama mkewe.

Taa zilipowashwa, Rosalind alikuwa analia. Akasema atakuja tena Padiham, atatengeneza kipindi kingine kizuri, kuhusu watu wa kaskazini na mioyo yao ya dhahabu.

"Ndiyo hayo umeanza tena," Clifford akamwambia. "Usilie, kipenzi. Nipe kanda yangu."

Hakuwa na ruhusa ya kuitoa siku ile, lakini Alhamisi iliyopita imefika kwa posta. Sijui aliipataje na sitauliza. Clifford anaitazama kila asubuhi. Nilimshauri aipeleke kilabu, watu waone ukweli. Akakataa katakata. "Mavis si ushahidi," akasema. Stan peke yake ndiye aliyeingia, kwa kuwa alikuja mwenyewe akasimama mlangoni mpaka Clifford akachoka kumwona pale. Walikaa mle muda mrefu. Stan alipotoka alikwenda moja kwa moja dukani, akaifuta ile chaki kwa mkono wa koti lake. Lakini mtaani bado kuna wasiomsalimia kaka yetu, na wengine ni watu aliowatengenezea mashine bure. Duka limefunguliwa, wateja ni wa kuhesabu. Usiku silali vizuri nikimfikiria.

Sasa sababu ya kukuandikia leo. Rosalind ameandika kwamba kipindi kimeuzwa nchi nyingine, na Australia imo. Huenda kikaonyeshwa huko mwezi ujao. Najua majirani zako watakuja kukuuliza kama ndiko ulikotoka, kwenye njiwa na mvua na watu waliokaa, na wengine watakuigiza unavyoongea. Usizime televisheni, Muriel, wala usijifanye humjui. Atakapogeuza uso pembeni na chumba chote kikaanza kumcheka, waambie huyo ni kaka yako, na kwamba hapo anamtazama mkewe.

Nisalimie sana shemeji Desmond, Gail na mumewe Trevor, na wale wajukuu kila mmoja kwa jina lake. Clifford nimemwambia nakuandikia. Akasema nikwambie atajibu, na safari hii namwamini. Mungu awalinde ninyi mlio mbali na sisi tuliobaki, atukutanishe tungali na meno ya kuchekea.

Mimi dada yako, nikupendaye tangu ulipokuwa wa kubebwa mgongoni,

Enid