Kilima Nilichokiita Kitupu

Kamembe, Jumamosi jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi na viatu vyangu vimeharibika, lakini nimerudi nikicheka peke yangu.

Nikiri: nilikosea, na kukosea si jambo nililolizoea. Shahada yangu ya jiografia haijatimiza hata mwaka mmoja ukutani, nami nimepewa kazi ya kuchora ramani ya sekta, yaani kata, ya Gikundamvura, jina ambalo kwa Kinyarwanda ni "mpenda-mvua". Penye watu patapelekewa bomba la maji. Pasipo na watu patasubiri. Juma lililopita nilisimama barabarani, nikahesabu mapaa ya bati yanayong'aa ng'ambo ya bonde, na juu ya kilima kimoja kisichong'aa nikaandika: "Hapakaliwi."

Leo, katika ofisi ya sekta, mjane mmoja aitwaye Maman Verediana aliomba asomewe nilichoandika kuhusu kilima chake. Nikamsomea.

"Hapakaliwi? Papa, sasa miye nalalaka wapi, mu mufuko yako?"

Nilibishana naye. Nilimweleza mbinu, vipimo, hata maana ya msongamano wa watu. Akanishika mkono, tukapanda saa nzima hadi juu, katikati ya migomba. Hapo akaweka viganja mdomoni, akaita:

"Yeee, bajirani! Huyu musomi anasema hatuko!"

Kicheko kilijibu kutoka kushoto. "Umwambie nimekufa, basiniite tena ku mikutano!" Mwanamke mwingine, chini zaidi: "Umuulize ni nani anapika haya maharagi!"

Sauti kumi na nne, kutoka nyumba kumi na nne. Wote walirudi kutoka Kongo baada ya vita, wakakuta mabati yao yameng'olewa, wakaezeka kwa nyasi.

Nyasi hazing'ai. Hilo sikulisoma katika kitabu chochote.

Nilikula maharagwe yale nikiwa nimesimama, huku wenyeji wakigombea bomba ambalo bado halijafika, kila mmoja akilitaka mlangoni kwake. Sijawahi kufurahia hivi ubishi niliokwisha kushindwa.

Nimelifuta neno langu hadi karatasi ikakaribia kutoboka, nikachora nyumba zote. Jumatatu nitaikabidhi ramani hivyo hivyo, na doa lake.

Lakini viko vilima vingine vitatu nilivyoviandika vitupu. Kesho ninavipanda, na safari hii nitaita kabla ya kuandika.