Filimbi Ilikuwa Imeshalia

Jumapili, saa kumi na mbili jioni. Wingu limekaa juu ya mlima Kwaraa tangu asubuhi na halitaki kunyesha, upepo umejaza vumbi mpaka kwenye masufuria. Ninaandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umevimba. Kichwani nimeshonwa nyuzi tatu. Sitaki pole ya mtu.

Nilistahili.

Mnaopita kwenye ukurasa huu mara kwa mara mnanijua: mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na jioni nafundisha mpira timu ya wasichana hapa Bonga. Nina mdomo. Nikiwa sipo wazazi wananiita Mwalimu Makelele, nikitokea wananiamkia vizuri tu.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilipigwa teke la goti nikalia katikati ya uwanja, na watu wakacheka. Kocha wangu naye alicheka, tena sana. Siku ile niliapa kwamba nikija kufundisha wasichana, wa kwangu hawatalia. Watalia wa wenzetu. Nilikiona kiapo kizuri mno, nimejitamba nacho humuhumu na wengine mkanipongeza.

Ndipo nikatunga zoezi la mlango. Naweka mawe mawili, beki anasimama katikati, wenzake wanamjia na mpira mmoja mmoja. Nikipaza sauti "Funga!", lazima amwangushe anayekuja. Asipomwangusha haendi nyumbani. Na katikati ya zoezi nilikuwa napuliza filimbi makusudi ili kuwapima. Atakayesimama kwa sababu ya filimbi anakula fimbo mbili za miguu. Niliwaambia marefa wananunuliwa kwa soda, kwa hiyo filimbi si kitu, sikilizeni sauti yangu.

Paskalina alilishika somo hilo kuliko wote. Ana miaka kumi na mitano, kwao ni Nakwa, mama yake analima mahindi na maharage na hajawahi kuona hata mechi moja. Mwaka juzi alipokuja kwangu alikuwa anaomba msamaha kila akimgusa mtu. Akimkanyaga mwenzake, "samahani dada". Nilimchapa mpaka hiyo samahani ikamtoka. Nasema ukweli, kila samahani ilikuwa na fimbo yake. Akawa beki wa kutisha, mpaka watu wa shule moja ya michezo kule Arusha wakasema watamchukua mwakani, asome bure na acheze. Nikajiona nimetengeneza mtu.

Leo mchana tulicheza na Sigino. Zilibaki dakika chache, tuko bao moja kwa moja. Wana mshambuliaji anaitwa Zawadi, kasichana kadogo, kana mbio balaa. Mechi nzima kalikuwa kanawapiga chenga wasichana wangu, na mashabiki wao wananizomea mimi. Akatoroka nyuma ya mabeki, mshika kibendera akanyoosha kwamba ameotea, refa akapuliza filimbi. Zawadi akasimama. Akaweka mguu mmoja juu ya mpira, akageuka kumlalamikia refa.

Nikapaza sauti. "Funga!"

Filimbi ilikuwa imeshalia na niliisikia. Nilitaka tu kumwona yuko chini.

Paskalina alitoka mbali, kama hatua kumi, na hakupunguza mwendo. Aliingia na miguu yote miwili. Nilisikia mlio nikiwa nje ya mstari, kama mtu anavunja kuni kavu gotini. Mguu wa Zawadi ulipinda mahali pasipo na kiungo. Aliutazama kidogo, kisha akapiga ukelele ambao mpaka sasa umo masikioni mwangu.

Watu wakamiminika uwanjani na fimbo na mawe. Mmoja alikuwa na mnyororo wa pikipiki. Refa alipigwa ngumi akaenda chini, wakamkanyaga. Mimi nilipigwa fimbo ya kichwa, damu ikaniingia jichoni, ya pili nikaikinga kwa mkono huu. Baba yake Zawadi alikuwa amemkaba Paskalina kwa ukosi wa jezi. "Nani kakutuma umvunje mwanangu?" Anamuuliza yeye, macho kwangu.

Jamani, niliogopa.

Nikasema, "Mzee, mimi sijamtuma. Huyu ana hasira zake." Na ili waniamini, nikamvuta Paskalina nikamzaba kofi mbele ya uwanja mzima, kwa nguvu zangu zote. Nikaongeza la pili. Watu wakatulia. Kuna mama mmoja hata alisema afadhali, mwalimu ana nidhamu.

Paskalina hakulia. Alishika shavu, akasema taratibu, "Samahani kocha. Nilisikia umesema funga."

Zawadi kafungwa hogo la plasta mpaka pajani, mifupa yote miwili ya muundi imekatika. Nilipomaliza kushonwa nilipitia wodini nikamwamkia mama yake. Hakuitikia, na ana haki.

Kesho saa tatu asubuhi kamati ya ligi inakaa. Inasemekana Paskalina atafungiwa miaka miwili, na akifungiwa, Arusha ndiyo basi tena. Mwenyekiti alinipigia simu kunihurumia: niseme tu kwamba mtoto ni mkorofi, nitabaki na timu yangu. Nilipokata simu nilikuwa nimeshakubali. Nikaanza na kuandika maelezo.

Saa kumi na moja hodi ikapigwa. Paskalina. Kaniletea jezi ameshaifua, maana ndiyo sheria yetu, kila mtu anafua ya kwake na kuirudisha siku hiyohiyo. Shavu limevimba, vidole vyangu vinahesabika. "Shikamoo kocha." Akaanika jezi kwenye kamba yangu, akaibana vizuri isichukuliwe na upepo, kisha akauliza kesho mazoezi ni saa ngapi.

Nilimwambia saa kumi.

Maelezo nimeyafuta. Kesho nitaomba Paskalina aitwe ndani, na baba yake Zawadi awepo. Nitasema ni mimi, filimbi ilikuwa imeshalia na niliisikia. Wanifungie maisha. Polisi wakinitaka, nyumba yangu wanaijua. Sijui kama miguu itanifikisha mpaka mle ndani, maana leo nimejifahamu kwamba mimi ni mwoga. Lakini nikifika nitayasema hayo kwa sauti ileile ya uwanjani, mpaka walioko nje wasikie. Huyu mtoto nimemfundisha asisikilize sauti nyingine yoyote.