Kocha Aliuliza Mara Moja Tu

Jumapili, saa kumi na mbili jioni. Croydon. Manyunyu tangu asubuhi, yale yasiyokulowesha wala kukuacha mkavu.

Nina hasira, na siandiki ili zipoe.

Mama ameitoa jezi yangu kwenye begi aifue, akaigeuza mbele na nyuma, akaniuliza, "Kwani leo hukucheza, mwanangu?" Nimecheza. Dakika themanini zote. Ila nimecheza winga, na winga asipoletewa mpira hurudi nyumbani na jezi safi. Namba tano mgongoni, nyeupe pee. Misimu miwili iliyopita nilivaa namba moja, na Mama alikuwa akiiloweka usiku kucha huku akilalamika kwamba haelewi matope ya nchi hii yana nini.

Kwa aliyepita hapa kwa bahati mbaya: naitwa Salma, nina miaka ishirini na saba, nimezaliwa Wete, Pemba, nikaletwa London na miaka kumi na miwili. Siku za kazi nakaa mapokezi kwa daktari wa meno. Jumapili nacheza raga ya ligi, ile ya watu kumi na watatu, kwenye timu ya wanawake isiyojulikana na mtu. Mimi ni beki. Mama anaujua mpira wa miguu tu, kwa hiyo aliposikia "beki" alifurahi, akadhani nimewekwa nyuma, mbali na vurugu. Sikumsahihisha. Kwenye raga mabeki ndio wakimbiaji, na kila mmoja ana pake: winga pembeni kabisa, senta ndani yake, wachezeshaji wawili katikati, na nyuma ya wote, peke yake, fulbeki, mwenye namba moja.

Pangu ni pale nyuma.

Nimelifikiria hili miezi mingi, kwenye tramu, kazini, hata kwenye swala, Mungu anisamehe. Winga anahitaji mbio. Mbio ninazo kiasi, lakini pembeni naganda kwa baridi nikisubiri wengine wakumbuke kwamba nipo. Senta anahitaji bega, na bega langu lilishateguka mara moja. Mchezeshaji lazima apende kuamua mbele za watu. Fulbeki anahitaji macho ya kuuona uwanja mzima, na mdomo wa kuwaambia walio mbele wasimame wapi.

Macho ninayo. Na mdomo, ajabu, pale nyuma huwa ninao. Kazini naongea kwa sauti ya chini siku nzima, watu wana meno yanayouma. Nyumbani naongea kwa adabu. Nikisimama pale nyuma napiga kelele mpaka koo linakauka, na hakuna anayeniambia msichana wa watu hapigi kelele. London nzima sina mahali pengine pa hivyo.

Wiki tatu zilizopita, baada ya mazoezi, kocha Gill alitoka na karatasi. Gill ni mtu wa kaskazini ya England, anaongea haraka na hana muda wa kuzungushana. Akapita kwa kila beki: msimu huu unataka kucheza wapi? Wa kwanza Wanjiru. Wanjiru ni nesi, Mkenya wa Nakuru, na ni mimi niliyemleta kwenye timu mwaka jana baada ya kusikiana tukiongea Kiswahili kwenye simu kituo cha tramu. Akajibu bila kupepesa macho, "Fulbeki." Gill akaandika.

Akaja kwangu. Nikatabasamu. Nikasema, "Popote tu, kocha. Popote utakaponiweka."

Gill akaandika, akaenda kwa mwingine.

Hapo ndipo ninapojichukia. Kwetu mgeni akiulizwa kama aongezwe wali, anasema ameshiba. Akiulizwa tena, anasema kidogo tu. Mara ya tatu hasubiriwi ajibu, anapakuliwa, na ndicho alichokuwa akikitaka tangu mwanzo. Kila mtu anajua. Nimeishi hapa miaka kumi na mitano, nimeona Waingereza wakiuliza mara moja na kuondoa sahani, na bado siku ya maana kuliko zote nilisimama pale na tabasamu langu nikingoja mara ya pili. Misimu miwili nimevaa namba moja! Nilidhani ataniangalia tu na kusema, acha utani, Salma.

Majina yalipotoka, Wanjiru namba moja, mimi winga, nilimfuata. Nilimuuliza kama alijua kwamba naitaka ile nafasi.

"Si ulisema anywhere?" akaniambia. "Mimi nilisema chenye nataka. Ungesema pia, Salma. Nani alikukataza?"

Hakuna aliyenikataza. Hilo ndilo linalouma.

Nikampigia Mjomba Hamad, mwenye duka la vitambaa Kariakoo, nikitafuta wa kunionea huruma. Alicheka mpaka akakohoa. "Winga? Umekwenda mpaka Ulaya kuwa winga? Hapa mlangoni kwangu ninao wanne!" Maana kwake winga ni wale wanaowavuta wateja barabarani na kuwapeleka kwenye maduka ya watu. Nami nilicheka. Baadaye nikaona hajakosea sana, kwa sababu tangu hapo ninachofanya ni kusimama nje ya duka lililokuwa langu.

Sasa niandike ya leo. Nimekuwa nikiyazunguka.

Zilibaki dakika nne, tunaongoza kwa pointi mbili. Wapinzani walikuwa karibu na mstari wetu wa goli, na walishaangushwa mara tano. Mchezo wetu unaruhusu mara sita tu, kwa hiyo kila mtu uwanjani alijua kwamba sasa wataupiga mpira kwa mguu. Fulbeki hapo anatakiwa awe nyuma, akiungoja mpira. Wanjiru alikuwa amesogea mbele kusaidia kukaba, hatua nane au tisa zaidi ya alipotakiwa. Amechoka, alitoka zamu ya hospitali jana. Nyuma yake, chini ya nguzo, hapakuwa na mtu.

Nilipaona. Na nilimwona mchezeshaji wao akipaangalia. Aliinua macho, akayateremsha haraka, kama mtu aliyeona pochi imeanguka na hataki wengine waione.

Mimi na Wanjiru tuna maneno yetu. Tunaitana kwa Kiswahili uwanjani ili wapinzani wasielewe: kushoto, kulia, panda, rudi. Mimi ndiye niliyeanzisha. Kutoka pembeni nisingeufikia ule mpira hata ningekuwa na mabawa, lakini sauti yangu ingemfikia yeye. Neno moja. Rudi.

Nilinyamaza.

Mpira ukapigwa chini chini, ukapita kati ya miguu ya watu, na msichana wao akaulalia chini ya nguzo. Trai, pointi nne kwao. Tukapoteza.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo hakuna aliyemlaumu Wanjiru kwa maneno, walimpigapiga mgongo tu, na hiyo ni mbaya zaidi. Alijifunika taulo usoni akalia. Mimi nilikunja jezi yangu safi. Gill alipopita alinishika bega: "Wewe hukukosea kitu leo." Nikamwambia asante, kocha.

Nimejaribu kujitetea njia nzima. Nimejiambia si kazi ya winga kumwelekeza fulbeki. Nimejiambia ni adabu, kila mtu na pake. Uongo. Dakika ile nilitaka mpira uende pale. Nilitaka Gill aone, na watu wote waone, kwamba mtu mwingine akivaa namba ile hivi ndivyo inavyokuwa. Nimekaa wiki tatu nikijiita mpole aliyedhulumiwa, kumbe nilikuwa na husuda tu, ya kawaida kabisa, ile ambayo Mama anasoma dua tusipatwe nayo.

Saa kumi na moja tumekula, wali na mchuzi wa pweza. Mama akaniuliza kama aniongeze. Nikasema ndiyo, niongeze, mara ya kwanza ile ile. Mwiko ukabaki hewani. "Leo umepatwa na nini?" akauliza. Nilikuwa nimeshapanga kwamba kuanzia leo nasema ninachotaka, na Jumanne namfuata Gill na kumwambia nataka namba yangu. Nilikuwa nimeiandaa mpaka sentensi yenyewe.

Kisha simu ikalia. Ujumbe kutoka kwa Wanjiru.

"Salma, hiyo nafasi nyuma yangu, uliiona?"

Hakuna neno lingine, hakuna tusi. Nimeuweka mbele yangu nusu saa. Najua namna ya kuuzunguka. Ningeandika pole dada, ningeandika mvua ilinizuia kuona, na kama kawaida yangu ningengoja aulize tena.

Ameuliza mara moja.

Nimemjibu: "Niliiona. Nilinyamaza makusudi."

Ameshausoma. Jikoni maji yanamwagika, Mama anaifua jezi isiyo na uchafu, na ile sentensi niliyomwandalia Gill sina tena uso wa kuisema. Jumanne saa moja usiku kuna mazoezi. Nitakwenda. Sijui nitasimama wapi.