Makofi na Ufagio

Chumba cha mwisho,
Nyumba za wafanyakazi, nyuma ya jiko la shule.
Jumapili mchana, mwanzo wa likizo.

Mpendwa Dada yangu,

Pokea salamu zangu za heshima kabla sijasema lolote. Vipi magoti? Mara ya mwisho uliniandikia kwamba ngazi za hapo kwenu unazipanda kwa kuzibembeleza. Na shemeji, sukari imetulia, au bado anaficha biskuti kwenye mfuko wa koti? Mapacha wako wameacha kupigana, au wamepata tu nguvu zaidi?

Mimi ni mzima. Nasema hivyo kwa ushahidi wa maabara, si kwa adabu ya barua. Mwezi uliopita nilipimwa tena, na virusi havikuonekana kwenye damu, kama ambavyo havijaonekana kwa miaka mingi sasa. Nesi wa kliniki ananiita bibi harusi, kwa kuwa sijawahi kukosa siku yangu. Mwili, basi, hauna neno. Kilichoumia ni kitu kingine, na dawa yake haitolewi pale dirishani.

Umeandika kwamba umesikia kwa kaka yetu fundi bomba kuwa nimetolewa jikoni na sasa nafagia uwanja. Umesikia kweli. Ukauliza pia, nilifanya nini. Swali hilo nimelisoma mara tatu, Dada. Umeuliza nilifanya nini, hukuuliza nilifanywa nini. Basi tulia nikueleze mwenyewe, maana kaka yetu habari huipokea nusu na kuifikisha robo.

Mwaka ule mume wangu alipokufa ulinibeba mgongoni hadi hospitali, nikiwa mwepesi kama mtoto wa darasa la kwanza. Ulipoolewa ukaenda mbali, uliniachia maneno mawili: kula dawa zako, funga mdomo wako. Nimeyashika yote mawili karibu miaka ishirini. Nimewapikia wasichana wa bweni hili, nikawakorogea uji alfajiri, nikachambua maharage yao mpaka macho yakauma. Waliniita Mama Ukoko, kwa sababu ukoko wa wali niliubandua nikawapa wale ambao sahani moja haiwatoshi. Hakuna aliyejua habari zangu. Vidonge nilivitunza kwenye kopo la majani ya chai, juu nikajaza pamba visilie nikilisogeza.

Mwaka jana nilikuwa namwaga makombo kwenye ndoo ya mfuga kuku mmoja anayekuja kuyachukua, nikaona kidonge kimenata kwenye wali. Kesho yake kingine. Mtu mwingine angesema ni cha kichwa. Mimi kidonge kile nakijua kama ninavyozijua kucha zangu, nakimeza kila siku baada ya chakula cha jioni. Nikaanza kumwangalia anayekuja wa mwisho kukung'uta sahani.

Alikuwa msichana wa kidato cha pili, shingo ndefu, wenzake wakimwita Twiga. Nikamsubiri kwenye mabomba ya kuoshea vyombo, na walipotawanyika nikamfungulia kiganja.

"Hiki umekiangusha," nikamwambia.

Kwanza alikana. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nimezaliwa nayo," akasema. "Mama alikufa nayo, nalelewa na bibi. Kopo langu likilia bwenini wananiita Kayamba. Kila siku wananiuliza ni dawa za nini. Nimesema za damu, nimesema za kifua, nimesema za tumbo. Magonjwa yameniishia, Mama Ukoko."

Nikamchukua hadi chumbani kwangu nikamwonyesha kopo langu. Akaangalia vidonge, akaniangalia mimi, akaviangalia tena.

"Na wewe?"

"Tangu wewe hujazaliwa."

Nikampa bunda la pamba, nikamwonyesha namna ya kuishindilia. Akacheka kidogo. Nikarudi jikoni nikijipongeza, nikidhani kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Muhula ule ule alilazwa kwenye chumba cha wagonjwa, midomo imemchubuka, kifua kinakoroma. Vidonge alikuwa anavitupa chooni, kwenye ndoo ya makombo aliogopa nitaviona. Nikampelekea uji, nikaanza kumhubiria kwamba asiogope watu, watu ni watu tu, watasema watachoka. Akageukia ukutani.

"Wewe ni mtu mzima na umejificha miaka yote hiyo," akasema. "Sasa mimi unaniambia nisiogope nini?"

Nilibaki na kikombe mkononi mpaka uji ukaweka utando juu.

Haikupita wiki tatu ikaja siku ya afya. Mgeni kutoka idara ya afya aliongea vizuri, lakini kwa karatasi, na wasichana wakapiga miayo. Akauliza kama kuna swali. Vikatoka vicheko vya nyuma tu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa ukumbi na birika la chai ya wageni. Nikaliweka chini. Sijui miguu ilinifikishaje mbele. Nikasema, mimi mnaniita Mama Ukoko. Ninaishi na virusi tangu wengi wenu hamjazaliwa. Nameza kidonge kimoja kwa siku na nimewapikia hadi leo. Virusi haviendi kwa chakula, wala kwa kikombe, wala kwa kukaa benchi moja. Anayemeza dawa zake bila kuruka anaweza kusoma, akafanya kazi, akaolewa, akazaa mtoto asiye na virusi. Niulizeni mnachotaka.

Wakauliza. Waliuliza mpaka maharage yakaungua jikoni. Wengine maswali yao yalikuwa ya kuaibisha, nikayajibu vilevile. Mwisho wakapiga makofi ukumbi ukatetemeka. Mwalimu mkuu akanikumbatia mbele ya wote, akapigwa picha na mimi, akasema mama huyu ni fahari ya shule yetu. Mwalimu mkuu huyo hajawahi hata siku moja kuniuliza nyumbani kwetu ni wapi.

Twiga hakupiga makofi. Aliniangalia tu. Jioni alikuja mlango wa nyuma wa jiko, akaomba maji, akameza kidonge chake mbele yangu, akarudisha kikombe, akaenda zake. Na kesho yake hivyo hivyo. Siku zile nilipika huku nikiimba.

Halafu sahani zikaanza kurudi na chakula. Kwanza meza moja, kisha bweni zima. Ukoko nikaubandua, nikautandaza kwenye sinia, ukakauka pale pale. Wazazi wakapiga simu. Kamati ya wazazi ikakaa kunijadili, mimi nikiwa upande wa pili wa ukuta nawapikia chai, ambayo hawakuinywa. Nikaitwa ofisini.

"Mimi na wewe tunajua," mwalimu mkuu akaniambia. "Chakula hakiambukizi. Lakini wazazi wametishia kuhamisha watoto. Nifanye nini?"

"Uwaambie hicho unachokijua," nikasema.

Akatazama kalenda ukutani kama vile jibu limeandikwa kule. Akasema nimehamishiwa usafi wa nje, kwa mshahara ule ule, na kwamba hewa ya nje itanifaa. Nikamuuliza kama wana hakika ufagio hauambukizi. Hakucheka.

Hilo nililimeza, nimezoea kumeza. Lililonikwama ni la msaidizi wangu. Huyu nilimpokea hajui kukadiria chumvi. Nilimfundisha kila kitu, hata kusikiliza sufuria ya wali inapokaukia. Paa la chumba chake lilipovuja alilala kwangu muhula mzima, tukinywea kikombe kimoja. Siku niliyotoka, alisugua sufuria zote kwa majivu na maji ya moto, akaomba mwiko mpya. Nilirudi kuchukua kanga yangu msumarini nikaona mpini wa mwiko wangu unachungulia katikati ya kuni, unawaka.

"Usinichukie, dada," akasema. "Nina watoto."

Kama vile mimi nilikuwa natafuta watoto wake. Nilichukua kanga yangu nikatoka.

Sasa sikia kinachochekesha, kama una moyo wa kucheka. Habari za siku ya afya zilisambaa, na shule nyingine zikaanza kumwomba mwalimu mkuu awaletee yule mama jasiri. Basi ikawa napakiwa kwenye gari la shule, nakaa kiti cha mbele, napelekwa kufundisha watu wasiwabague wenye virusi. Naongea, napigiwa makofi, napewa chupa ya maji baridi, narudishwa. Nikishuka getini nachukua ufagio wangu nilipouegemeza. Mwalimu mkuu anaingia ofisini kupokea simu za pongezi.

Nilikubali kwenda, usinione mjinga. Watoto huko wanauliza maswali ya kweli. Msichana mmoja alinifuata nje akaniuliza kama inaruhusiwa kumkumbatia baba yake, maana nyumbani wanamwekea chakula mlangoni. Nikamwambia ukifika tu, kabla hujavua viatu, mkumbatie. Kwa ajili ya yule mmoja ningepanda gari lile tena.

Lakini shule ya mwisho mwanafunzi mmoja alisimama akauliza, "Na wewe mama, kazini kwako wanakuchukuliaje?" Mwalimu mkuu alikuwa kando yangu, anatabasamu. Nikajibu. Nilieleza sahani, nikaeleza kamati, nikaeleza mwiko kuwa kuni, nikaeleza ufagio. Sikutukana mtu wala kupandisha sauti. Safari hiyo hakuna aliyepiga makofi. Njia nzima ya kurudi dereva alituokoa kwa redio. Tangu siku hiyo, wakiniita mahali, naambiwa gari ni bovu. Asubuhi nafagia kuzunguka tairi zake, na saa nne naliona likirudi kutoka sokoni limejaa vitunguu.

Na Twiga? Najua ndilo unalotaka kuuliza. Anameza dawa zake. Matroni wa bweni, ambaye bibi yake msichana alikwisha kumweleza tangu mwanzo, anazitunza kabatini mwake na anampa kila jioni. Nilimuuliza kwa macho tu, akaitikia kwa kichwa. Ila kwangu msichana haji tena. Akinikuta uwanjani na wenzake, anaanza kusoma bango la matangazo ambalo halijabadilishwa tangu mwaka juzi. Sababu naijua. Siku hizi anayenisalimia anaulizwa bwenini kama naye amepimwa.

Juzi shule imefungwa. Nilikuwa nafagia karibu na geti, watoto wanatoka na masanduku yao. Twiga akaja na bibi yake, mama wa makamo, mwenye heshima zake, amevaa vizuri kwa ajili ya safari. Bibi akasimama akanisalimia kwa unyenyekevu kabisa, akaniuliza hali ya kazi. Nikaitikia. Akamgeukia mjukuu wake.

"Mwanangu, huyu ni nani? Mbona humsalimii?"

Nyuma yao walikuwepo wasichana wanne wa bweni lao, wanasubiri kuona. Twiga akatazama chini.

"Mfagiaji tu, bibi," akasema. "Twende, gari litatuacha."

Bibi akaniomba radhi kwa ajili yake, akasema watoto wa siku hizi. Nikamwambia hana kosa, mama, nendeni salama. Nilisema kweli, Dada, hana kosa. Nami niliumia kuliko nilivyoumia kwenye ofisi ya mwalimu mkuu. Yote mawili ni kweli na sijui niyapatanishe vipi. Nilimtazama akienda. Amenenepa. Sanduku lile zito alilibeba mwenyewe kichwani, wala hakukohoa, na sare imembana mabegani mpaka mshono umeanza kuachia. Nikainama nikaendelea kufagia, maana majani yalikuwa mengi.

Kuhusu hilo la kuniita kwako. Nakushukuru, na najua limetoka moyoni. Umesema nije nianze upya mahali ambapo hakuna anayenijua, na kwamba majirani hawana haja ya kuambiwa lolote. Nimelifikiria hilo toka barua ifike. Sitakuja. Mahali ambapo hakuna anayenijua nimeishi karibu miaka ishirini, Dada, na palikuwa hapa hapa jikoni. Sasa wananijua. Hawanipendi, lakini wananijua, na jioni moja moja mtu anabisha mlango huu kwa kidole kimoja, ananiuliza kliniki inafunguliwa saa ngapi. Wiki iliyopita alikuwa mmoja wa wale wa kamati. Nilimwelekeza. Chai sikumkaribisha.

Usikasirikie maneno yangu. Nani mwingine nitamwandikia hivi?

Msalimie shemeji, mwambie nesi wangu anasema biskuti zina macho. Wabusu mapacha kwa niaba yangu. Msalimie na yule jirani yako mshonaji, na ukitaka, mwambie hali yangu, uone atafanya nini. Mama mdogo ukimpigia simu mwambie dua zake nimezipata. Kaka fundi bomba nitamsalimia mwenyewe, nina la kumwambia.

Mungu akufunike wewe na nyumba yako, akupe siku nyingi na watu wa kukusalimia ndani yake.

Ni mimi nikupendaye, hata nikiwa na hasira,

Mdogo wako, kitinda mimba.