Kikohozi Nyuma ya Pazia

Jumatatu, 3 Machi
Kunguru amepona. Bawa nililolifunga kwa mikono hii — mikono iliyopika melini miaka kumi na mmoja, bandari kumi na tisa, nahodha akionja analia — limeshika sawasawa. Leo karuka banda zima, ukuta hadi ukuta, mara sita. Daktari wa wanyama anasema ni bahati. Bahati gani! Yeye ana cheti, mimi nina vidole.

Atakuja Ijumaa ya wiki ijayo kumpima. Ataingia bandani. Ndege akimkimbia, anafunguliwa. Akimsogelea, kifungo cha maisha. Ndege aliyezoea watu atamfuata hata mwenye jiwe mkononi. Ndiyo maana sisi tunaotibu ndege wa porini majumbani tuna sheria: alishwe nyuma ya pazia, kwa koleo, na mdomo ufungwe. Hiyo ya mwisho aliitunga mtu asiyenijua.

Jumatano, 5 Machi
Saa nane mchana. Jua kali, mtaa kimya. Naosha vyombo vya ndege uani. Nikasikia mtu anakohoa kwenye chumba cha pazia, kile kilichopakana na banda. Viwili vifupi, kimoja kirefu, halafu "ah" — kama mtu anayetua ndoo.

Sahani ikanitoka.

Hicho ni kikohozi cha mke wangu. Mwaka wa nne huu tangu afariki. Alikoholea chumba hichohicho, kabla hakijawa cha ndege.

Nikaingia. Hakuna mtu. Mkeka wangu wa kulalia mchana, pazia, kunguru. Ananitazama kwa jicho moja.

Mimi niliyesafiri na maiti watatu kwenye friji ya meli na nikakoroma, leo nimekaa uani mpaka magharibi. Kwa ajili ya upepo tu.

Jumamosi, 8 Machi
Mwalimu kaleta watoto kumi na wanne. Siku ninayoipenda kuliko zote. Wanachungulia tundu la pazia mmoja mmoja, wanamwona ndege wa porini bila yeye kuwaona. Nimewaambia kunguru hukumbuka sura ya mtu mbaya miaka na miaka. Mmoja akaficha uso. Nikawaambia nilishawahi kupigana na mwewe. Alikuwa kifaranga, lakini nani aliuliza.

Katikati ya uongo wangu, kikohozi. Viwili, kimoja, ah.

Kabinti kenye jicho tunduni kakageuka. "Babu, humu ndani kuna mgonjwa?"

Nikamwambia ni ndege. Kakasema hapana, ni mtu, ila amevaa ndege.

Hakuna aliyecheka. Hata mwalimu.

Jumapili, 9 Machi
Hili sitamwambia mtu. Sitaki kunguru aende.

Leo nimeinua pazia. Nimekaa mkekani, nikampa yai la kuchemsha kwa mkono, si kwa koleo. Nikamwita kwa jina la mke wangu. Nikampa habari zote — paa linavuja, dada amenuna, yule paka wake alirudi na watoto wanne. Akasogea. Akakohoa. Nikalala palepale kama mtoto mchanga.

Namharibu. Najua. Ijumaa atamsogelea Daktari, na atabaki. Nitakuwa nimemfunga jela ndege mzima ili nimsikie marehemu anakohoa. Mtu mzima na akili zangu.

Jumanne, 11 Machi
Dada yangu kaja mchana, kanikuta mkekani nimelala. Nilipofumbua macho amekaa kwenye kigoda, mkono mdomoni.

Nikamuuliza: umemsikia wifi yako?

Akasema amesikia. Kisha akauliza: ndege kaletwa lini? Desemba, nikamwambia.

"Na wifi tulimzika lini?"

Nikahesabu kwa vidole. Mwaka wa nne.

"Kaka, ndege huyu hajamsikia wifi hata siku moja. Nimekaa hapa nusu saa nzima. Wewe umelala, unakohoa. Viwili vifupi, kimoja kirefu. Yeye anakuitikia."

Nikamwambia hiki ni kifua cha fahali, hili ni vumbi la manyoya. Akasema hata wifi alisema vumbi. Sauti yake ilikatika hapo. Nikamwahidi, ili asilie tu: siku anayofunguliwa kunguru, na mimi naenda kliniki.

Kunguru akakohoa. Safari hii sikumsikia mke wangu. Nilijisikia mimi.

Alhamisi, 13 Machi
Pazia chini. Koleo. Mdomo nimeufunga kwa kitambaa. Kila akinisogelea napiga sufuria, anaruka juu. Jana alirudi mara tano. Leo mara moja. Siku mbili sijatamka neno ndani ya chumba kile, rekodi yangu tangu nizaliwe. Inauma kuliko nilivyotegemea.

Ijumaa, 14 Machi
Daktari aliingia bandani saa mbili asubuhi. Kunguru akamsogelea hatua moja, kisha akaniona mimi mlangoni. Akaruka mpaka kona ya mbali kabisa. Ananiogopa. Daktari akasema safi sana. Sikumwambia safi hiyo imetoka wapi.

Tukafungua. Hakuaga. Akatua juu ya paa la jirani, akakohoa, ah, na jirani akatoka nje kutazama nani anaumwa.

Sasa nipo kliniki ya kifua, kwenye benchi. Namba thelathini na moja. Daftari gotini. Dada kakaa pembeni, kashika begi langu kwa mikono miwili nisitoroke. Muuguzi nimemwambia nimemsindikiza dada. Dada kamwambia usimsikilize.

Wameita ishirini na tisa.

Kikohozi. Viwili vifupi, kimoja kirefu. Ah.

Nimeinuka nikachungulia dirishani. Paa tupu. Nyaya tupu. Mti mtupu.

Nimegeuka. Benchi zima wananitazama mimi.

Thelathini.