Kwa Baba Koku, Kuhusu Gari la Gia Inayochomoka

Mpendwa Baba Koku,

Siku ile Bukoba nilikuomba mbele za watu usilinunue gari lile. Tulikuwa tumesimama uani kwa mzee Kanji, muuza vitambaa aliyekuwa anafunga duka ahame nchi na watu wake, na mimba yangu ilikuwa imeanza kuonekana. Nilikushika mkono wa koti, jambo ambalo mwanamke wa kwetu halifanyi hadharani, nikasema, "Mwalimu, twende nyumbani." Ulikuwa unalizunguka gari, unagusa hapa, unainama pale, kama mtu aliyekuja kumwona ng'ombe wa mahari.

Mji mzima ulilijua gari lile. Walilipa jina la Mtoro, kwa sababu gia yake ya tatu ilikuwa ikitoroka. Likianza kushuka mlima gia inachomoka yenyewe, na kinachobaki kulizuia ni breki tu, na breki nazo zilikuwa za kubahatisha. Daktari mmoja alikuwa nalo akaliuza. Mnunuzi wa kahawa akalichukua, akatumbukia nalo korongoni njia ya Muleba, akatoka mzima, naye akaliuza. Madereva wa teksi waliokuwa wamekaa ukutani walituangalia wakichekeana. Mmoja alikuambia, "Mwalimu, hilo ni gari la mtu anayependa kwenda kwa miguu."

Mzee Kanji hakukuficha kitu. "Giaboksi yake inaumwa," alisema. "Fundi wa Kagondo ameifungua mara nyingi. Vipuri hakuna, anaifunga tena vilevile. Mimi naondoka, Mwalimu, sitaki uje unilaani huku nyuma. Ukishuka mlima, lazima awepo mtu wa kuishika gia kwa mkono."

"Mtu gani?" ulimuuliza.

Akaniangalia mimi.

Nilijua kwa nini ulikuwa hunisikii. Ulikuwa bado unaisikia ile machela. Mtoto wetu wa kwanza nilimzaa njiani, nimebebwa kwenye miti miwili na blanketi, mvua ikininyeshea usoni, wanaume wa kijijini wakipokezana mabegani na kuteleza kwenye tope. Wewe ulikuwa unatembea kando yangu umeshika mwavuli ambao upepo ulishaugeuza, na hukuutupa. Mtoto alitokea chini ya migomba ya mtu tusiyemjua. Alilia kidogo. Tulipofika hospitali ya misheni alikuwa ameshapoa, na sista alimpokea kutoka kwangu akamfunika uso. Tangu siku hiyo, kila ulipoona mimba ya mwanamke yeyote ulikuwa ukigeuza uso.

Basi ukalinunua, na kahawa yetu ya msimu ule ikaishia hapo.

Safari ya kurudi nyumbani sijaisahau. Hadi karibu na Muleba njia ilikuwa ya changarawe nzuri, ukaanza hata kupiga mluzi. Halafu tukaanza kuteremka. Nilisikia mlio kama mtu anayevunja kuni, kisha kukawa kimya. Kimya kile ndicho kilichonitisha. Gari likawa jepesi, kana kwamba halina watu ndani, likaanza kujikimbilia lenyewe, na migomba ya pande zote mbili ikawa inapita kama ukuta wa kijani. Ukakanyaga breki mpaka ukasimama kitini.

"Leokadia, shika!"

Tangu tuoane hukuwahi kuniita kwa jina langu la ubatizo. Uliirudisha gia kwa nguvu, nami nikaushika ule mti wake kwa mikono miwili, ukitetemeka viganjani kama kuku anayejua anakwenda kuchinjwa. Sikuuachia mpaka tukafika bondeni. Uliposimamisha gari, vidole vyangu vilikuwa vimekakamaa, ukavikunjua kimoja kimoja. Hukusema pole. Ulisema, "Umeona? Inashikika." Nilishuka nikatapika kando ya barabara, nikarudi kukaa mahali pangu.

Kijijini hofu ilikuwa ya namna nyingine. Tulikuwa tumeshaandikishwa kuwa kijiji cha ujamaa, tuna shamba la pamoja na mikutano isiyokwisha, na neno kupe, yaani mnyonyaji wa jasho la wengine, lilitosha kumwondoa mtu kazini. Majirani waliokuwa wakiingia kwetu bila hodi walianza kupita wakiangalia mbele. Mama yako alikuja, akalizunguka gari kwa mbali, akasema hapandi kitu kinachosahau kazi yake njiani. Halafu Mwenyekiti wa kijiji akakuita mkutanoni. Mimi nilikaa na wanawake kwenye majani, nimefunika tumbo kwa kitenge, naona shati lako lilivyolowa jasho mgongoni.

"Ndugu Mwalimu," alisema, "hili gari ni la nani?"

"Ni langu, Ndugu Mwenyekiti."

"Wewe ndiye unayewafundisha watoto wetu ujamaa. Tueleze basi, mtu mmoja anatafuta nini na gari?"

Uliwatazama wanaume mmoja mmoja, nikajua yamekwisha, tutahamishwa, tutaacha kibanja, shamba letu la migomba na kahawa, nitajifungulia ugenini. Halafu ukasema, taratibu kama unasoma kitabu darasani, "Wengi wenu hapa mliibeba machela ya mke wangu. Mnakumbuka tulirudi na nini. Gari hili ni la kupeleka wagonjwa. Mke wangu akipelekwa nalo, hatakuwa wa kwanza wala wa mwisho."

Mwenyekiti alikuwa mmoja wa waliobeba. Aliangalia chini. Baadaye alisema mkutano umeelewa, tuendelee na habari ya mbegu.

Ndivyo nilivyokuwa mshika gia wa kijiji kizima. Mtu akiumwa, wanakuja kugonga, wewe unachukua funguo, mimi nachukua kitenge cha kujifungia kichwani. Tulimpeleka mzee aliyeangukiwa na mti. Tulimpeleka yule binti wa jirani aliyekunywa dawa ya mibuni, akawa anakoroma nyuma yetu njia nzima, na mimi siwezi kugeuka kumwangalia kwa sababu mikono yangu ina kazi. Kila safari tumbo langu lilikuwa kubwa zaidi, na kila safari nilipanda nikijiambia hii ndiyo itakayotuua. Sikuzoea hata siku moja. Watu walifikiri mimi ni shujaa. Wewe ulijua kwamba nilikuwa nikitetemeka tangu mlangoni, na hukumwambia mtu.

Uchungu ulinishika asubuhi, mvua ikiwa imeshaanza. Nilikuona umesimama sebuleni na funguo mkononi, ukiangalia tumbo langu, halafu mikono yangu, halafu tumbo tena. Hatukuwa tumewahi kulizungumza. Siku ya zamu yangu, nani angeshika?

Mama yako alikuwa mlangoni. Alikuwa amekuja kunikanda mgongo. Alikunja kanga yake kiunoni, akazungushia rozari mkononi, akaenda kukaa kiti cha mbele bila kuambiwa.

"Mae," ulimwambia, "ikitaka kuchomoka, usiiachie."

"Nimelea watoto saba," alijibu. "Endesha."

Mimi nilikuwa nimelala nyuma. Niliona tu dari la gari, kisogo chako, na ile rozari ikirukaruka. Ukitoka kwetu kwenda hospitali unapanda kwanza, halafu unaanza mteremko mrefu unaoishia kwenye daraja la magogo, jembamba, halina ukingo. Mama yako alikuwa anasali Salamu Maria kwa Kihaya, kwa sauti, na tulipoanza kushuka sala ikawa inakwenda mbio. Nilijua kila kona kwa jinsi mwili wangu ulivyokuwa ukibingirika. Halafu nikasikia ule mlio wa kuni.

"Imenitoka," mama yako alisema. "Imenitoka, mwanangu."

Ulijaribu kuirudisha, ikakwaruza, ikakataa. Breki zilikuwa zimelowa. Nilimwona Mama amekumbatia mti wa gia kama anayemzuia mtoto asianguke kisimani, lakini haukuwa umeshika kitu. Sikupiga kelele. Nilishika tumbo langu pande zote mbili na kuwaza jambo moja tu, kwamba huyu naye atazaliwa kwenye tope. Ukakata usukani. Tukagonga kingo ya udongo, tukaiburuta, tukaingia kwenye migomba, mmoja, wa pili, majani yakafunika kioo chote, na gari likasimama. Mbele yetu, kupitia mwanya wa majani, niliona magogo ya daraja na maji ya kahawia yakipita karibu kuyagusa.

Injini ilikuwa imezimika. Mikono yako ilikuwa bado kwenye usukani, na niliona mabega yako yanatikisika. Nilifikiri utashuka ukaite watu, walete miti na blanketi. Nadhani na wewe ulikuwa unafikiri hivyohivyo, kwa sababu ulishika kitasa cha mlango.

Mama yako alikuwa anatoka damu mdomoni, alikuwa amejigonga. Alijifuta kwa kanga.

"Washa," alisema.

"Mae, haiwezekani."

"Washa gari, mwanangu. Mjukuu wangu hazaliwi njiani tena."

Ukawasha. Likakataa, likakataa, likakubali. Ukarudi nyuma polepole mpaka tukatoka kwenye migomba, ukaweka gia ya kwanza, na Mama akaubana ule mti kwa magoti yake mawili na mikono yake miwili, rozari ikiwa imekatika na punje zake zimetawanyika miguuni. Tulivuka daraja mwendo wa mtu mgonjwa. Maji yalikuwa yanapiga magogo chini yetu. Tulipopanda upande wa pili nilianza kusukuma, na sikuweza tena kujizuia.

Koku alizaliwa ndani ya hospitali, juu ya kitanda, chini ya paa. Alilia na akaendelea kulia. Nilimwambia sista akuite, akarudi akacheka kidogo, akasema, "Mumeo hataki kutoka garini." Ilibidi wakuletee mtumishi wa wodi akushike mkono. Ulipofika kitandani kwangu ulikuwa mweupe midomo.

"Miguu imekataa," uliniambia.

Nikakuuliza jambo ambalo sikuwa nimethubutu kukuuliza tangu uani kwa mzee Kanji. Nilikuuliza kama ulikuwa huogopi.

"Naliogopa gari lile kila siku," ulisema. "Naota ninashuka nalo. Ila machela naiogopa zaidi."

Nilikuwa nimeishi na wewe miezi yote ile nikidhani hofu ni yangu peke yangu. Nilidhani wewe una moyo wa jiwe na mimi ndiye mwoga wa nyumba. Laiti ungeniambia mapema, tungeogopa pamoja, ingekuwa nyepesi. Lakini wanaume wa wakati ule hamkufundishwa kusema, na walimu ndiyo kabisa.

Mtoro lilifia njiani mwaka uliofuata, kwenye mpando, gia zote zikakataa kwa pamoja, watu wakalisukuma mpaka kibanjani kwetu, likakaa pale likiota majani. Hukulisikitikia sana. Koku alikuwa ameanza kutembea.

Na wewe, mume wangu, safari yako ya mwisho ulikwenda vizuri kuliko tulivyokuwa tumezoea. Gari la wagonjwa lilikuja hadi mlangoni. Barabara siku hizi ni ya lami, dereva alikuwa mtaratibu, gari halikutoa hata mlio. Nilikaa kando yako sina kazi yoyote, na nakuambia kweli, hata siku ya daraja sikuogopa vile. Kila kitu kilikuwa kizima isipokuwa wewe. Tulipopita Nshamba ulifumbua macho ukaniangalia, ukataka kusema kitu, ukaacha. Nimejaribu miaka hii yote kukisia ni nini. Nimeshaacha.

Sasa nikupe habari za nyumbani. Koku anakaa Kagondo, anafanya kazi mjini, na wiki iliyopita alinipigia simu. Presha yangu imeanza kusumbua, na yeye hataki nipande basi kwenda kliniki. Amepata gari lililokwisha kutumika, mwenye nalo anahama. Ni zuri machoni, lakini mafundi wote wanamwambia gari la aina ile giaboksi yake haidumu, inaanza kuteleza bila kutoa taarifa, na kuitengeneza ni shida. Alikuwa anaeleza kwa furaha, halafu sauti ikashuka.

"Mama, nalitaka kwa ajili yako. Lakini naogopa. Nisinunue?"

Nilikaa kitandani na simu sikioni. Nilikuwa na neno hapana mdomoni, limeiva kabisa. Niliona mteremko, niliona mtoto wangu peke yake nyuma ya usukani, mvua inanyesha. Mama yako alishakufa, wewe umekufa, hakuna wa kukaa naye.

"Mama, upo? Baba angesema nini?"

"Angeogopa," nilimwambia. "Halafu angelinunua."

"Haya, Mama," akasema.

Amelilipia leo asubuhi, na amesema atalileta kwanza huku nilione. Nimekaa mlangoni naandika. Kuna gari linapanda kilima upande wa barabara kuu. Linakwenda polepole. Sijui kama ni yeye.

Pumzika, Baba Koku. Hofu ya leo niachie mimi.

Mkeo,
Mama Koku