Salamu Zilizomfikia Kombo

Magogoni, Kisauni

Mama mpenzi, shikamoo. Nimefika salama kwa shangazi Rukia, ila mvua haijakatika tangu asubuhi.

Shangazi na wenzake wa chama chao wanatunza wazee wasio na jamaa. Wao hutuma kadi za salamu redioni kuwashukuru kwa majina wote wanaowasaidia, na watu wanapenda mno kusikia wakitajwa. Safari hii walimwambia Bi Tatu, ajuza asiyeona anayetunzwa hapa kwa shangazi, atume salamu zake mwenyewe.

"Nimsalimu nani? Nina nani mie?" akauliza. Mwishowe akamtaja Kombo, yatima wa jirani ambaye yeye bibi alimlea zamani kule Jomvu Kuu.

Leo mchana tukila wali na mchuzi wa papa, mtu akapiga hodi. Alikuwa amerowa chepechepe, na nguo nyeupe za mpishi wa hoteli. Salamu, na mahali zilikotoka, alizisikia redioni kazini, jikoni huko Shanzu.

"Wallahi niliambiwa umekufa, mama," akasema.

Bi Tatu akampapasa uso, masikio, mabega. "Kombo, mbona umekonda hivi? Kaa ule."

Mwanamume mzima akapiga magoti, akalia. Bibi akamlisha kwa mkono wake, akimfuta machozi kwa leso. Kombo alipoaga akamwomba shangazi ruhusa aje Ijumaa na wapishi wenzake, wawapikie wazee wote pilau.

Mungu akuweke, mama yangu. Nikirudi, hata nikikwambia nimeshiba, nilishe tonge moja.

Mwanao akupendaye,
Zuhura